ADRIEN ATIMAN, MUNGANGA NA KATEKISTA WA KAREMA
Maisha ya mtoto aliyeuzwa kama mtumwa, akawa mponyaji wa watu



Katika kijitabu hiki mtasoma habari za wapadri walioanzisha misioni zetu, na habari za wazee wetu waliobeba mawe na kuchoma matofali. Sisi makatekista tumetaka kuongeza maisha ya mtu mmoja ambaye hakuzaliwa kwetu wala hakukaa Kasongo. Jina lake ni Adrien Atiman. Alikuwa katekista kama sisi, alioa na kuzaa kama sisi, naye alikufa mwaka wa 1956 huko Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganika, katika nchi inayoitwa leo Tanzania.

Pengine mmoja wenu atauliza: sababu gani kuleta mgeni katika sikukuu ya nyumbani? Tunajibu kwamba njia iliyompitisha Atiman sisi tunaijua vizuri. Ni njia ya watumwa. Njia hiyo ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika Mtowa kwenye ziwa, kiisha ikavuka mpaka Ujiji na kwenda pwani. Wazee wetu waliikanyaga, wengine wakiwa na minyororo shingoni, wengine wakiwa na bunduki mkononi. Yeye alikanyaga njia nyingine, ya jangwa, mbali sana na hapa, lakini mateso yalikuwa yale yale. Tena maisha yake yanajibu ulizo ambalo hata leo halijaisha katika vijiji vyetu: mtu aliyezarauliwa, je, ndani yake hamna kitu?

1. MTOTO WA MTO NIJERI

Atiman alizaliwa karibu mwaka wa 1866 pahali panapoitwa Tundurma, kando ya Mto Nijeri, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Ni nchi ya mchanga na ya mto mkubwa, nchi ya wavuvi, wakulima na wachungaji. Alikuwa bado mtoto mdogo alipoibwa na Watuareg, watu wa jangwa waliokuwa wakifanya biashara ya watumwa. Wakamtenga na baba yake na mama yake. Hakurudi tena kuishi katika nchi ile.

Wakamvusha jangwa la Sahara. Kwa sisi wenye kukaa katika nchi ya mvua na misitu, ni vigumu kufahamu safari ile. Watu hutembea majuma na majuma pasipo kukuta mto, pasipo kivuli cha mti, na asiyeweza kufuata msafara huachwa. Mtoto Atiman akafika akiwa hai mpaka Metlili, mji mdogo wa kusini ya Aljeria, uliokuwa na soko ambamo watoto waliuzwa.

Tufikiri kidogo juu ya soko la watu. Mwenye kununua mtumwa hutazama meno, hutazama mikono na miguu, huuliza umri. Kiisha hutaja bei. Haulizi kama mtoto huyu ana akili ya kushika mambo, wala kama moyo wake una huruma, wala kama vidole vyake vitaweza siku moja kushona kidonda. Mambo hayo hayana bei sokoni, kwa hiyo macho ya mchuuzi hayayaoni. Ndiyo maana tunasema utumwa ulikuwa wizi mara mbili. Uliiba mwili wa mtu, tena uliiba kile ambacho mtu yule angeweza kuwa.

Kasongo yetu iliona wizi huo. Tippu Tip alifanya mji huu kuwa makao yake makubwa miaka kumi na zaidi, mpaka alipoondoka mwaka wa 1890. Huko Nyangwe, jirani yetu, Livingstone aliona kwa macho yake mwaka wa 1871 jinsi watu walivyopigwa risasi sokoni siku ya soko, wengi wao wanawake, na jinsi wengine walivyozama mtoni wakikimbia. Mwaka wa 1893 majeshi ya Dhanis yaliingia Kasongo, na utawala ule ukavunjika. Walakini desturi ya kupima mtu kwa bei haikuvunjika siku ile moja.

2. WALE WALIOTAZAMA KUPITA BEI

Karibu mwaka wa 1876 Wapadri Weupe walimkomboa Atiman pale Metlili. Chama chao kilikuwa kichanga bado. Kilianzishwa mwaka wa 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Aljeri, nyuma ya njaa kubwa iliyoacha watoto wengi yatima katika nchi ile. Wapadri wale walitaka kuvuka jangwa mpaka Timbuktu. Mwaka huo wa 1876 watatu kati yao, Paulmier, Ménoret na Bouchand, waliuawa njiani jangwani. Basi angalieni shauri la Mungu: wapadri hawakufika nchi ya Atiman, lakini mtoto wa nchi ile alifika kwao.

Kumkomboa mtoto ni tendo jema, lakini halitoshi. Wako watu wengi waliokomboa watumwa, kiisha wakawafanya kuwa watumishi wa kufagia na kuchota maji maisha yao yote. Lavigerie alikuwa na wazo lingine. Aliwaza kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Mgeni kutoka Ulaya atafungua njia tu, nyuma yake wenyeji watatumika. Alitaka vijana wale waliokombolewa wajifunze uganga, yaani kazi ya kuponya, kusudi waende kukaa kati ya watu wakiwa waganga na makatekista pamoja. Walipashwa kubaki Waafrika, kula chakula cha Waafrika, kuoa na kuzaa, kujilisha kwa kazi yao. Mtu mgonjwa, alisema moyoni mwake, hamwogopi mwenye kumponya.

Wakati ule wazo hilo lilikuwa geni kabisa. Katika Ulaya wengi waliamini kwamba Mwafrika anaweza kubeba mzigo, kulima na kupika, lakini hawezi masomo makubwa. Lavigerie hakubishana nao kwa maneno. Aliwapeleka vijana shuleni.

Hatusemi kwamba Lavigerie alikuwa mtu asiye na kosa. Alikuwa mtu wa nyakati zake, mwenye amri nyingi na haraka nyingi. Lakini katika jambo hili aliona mbali. Wachuuzi wa Metlili walikuwa na mtoto yule yule mbele ya macho yao, nao wakaona mzigo. Yeye aliona munganga.

3. MIAKA SABA YA MALTA

Mwaka wa 1881 Atiman alipelekwa Malta, kisiwa kidogo katikati ya bahari, kati ya Afrika na Italia, kilichokuwa chini ya Waingereza. Kisiwa hicho kina chuo kikuu cha zamani chenye kufundisha uganga. Wapadri Weupe walifungua pale nyumba ya vijana Waafrika, na Atiman alisoma mpaka mwaka wa 1888. Alikuwa amebatizwa na kupewa jina la Adrien.

Miaka saba si michache. Sisi tuliopita katika seminari ndogo tunajua ugumu wa kusoma katika luga isiyo ya mama. Atiman alizaliwa akisema luga ya mto wake. Kiisha alisikia Kiarabu, akajifunza Kifaransa, akasoma mifupa na mishipa na dawa katika maneno ya Kilatini. Tena alikuwa mtoto aliyekaa miaka ya kwanza ya akili yake pasipo shule yoyote. Kama wangempima siku ile ya Metlili kwa mtihani wa kusoma na kuandika, angepata sifuri. Mtihani ungesema kweli juu ya siku ile, na ungesema uongo juu ya mtu.

Miaka ile ndiyo miaka elimu ya uganga ilipogeuka sana. Mwaka wa 1882 Koch, Mjerumani, alionyesha mdudu wa kifua kikuu. Huko Malta kwenyewe, mwaka wa 1887, munganga wa jeshi la Waingereza aitwaye David Bruce alivumbua mdudu wa homa iliyosumbua kisiwa kile. Bruce huyo huyo alikuja baadaye Afrika kuchunguza ugonjwa wa malale na mbung'o. Basi Atiman alisoma mahali ambapo mambo mapya yalikuwa yakizaliwa. Lakini mengi yalikuwa bado gizani. Hakuna aliyejua mbele ya mwaka wa 1897 kwamba mbu ndiye mwenye kueneza malaria. Munganga wa mwaka wa 1888 alikuwa na kinini kwa homa, kinga kwa ndui, kisu na uzi kwa vidonda, na maji safi. Mengine yalitegemea akili yake, mikono yake na uvumilivu wake.

4. SAFARI YA KWENDA ZIWANI

Mwaka wa 1888 ulikuwa mwaka mkubwa. Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili barua juu ya utumwa. Lavigerie, ambaye sasa alikuwa kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri kupinga biashara ya watu katika Afrika, na alitaja mara nyingi nchi za Ziwa Tanganika na za Kongo ya Juu. Maneno yake yaliwagusa wengi, na vyama vya kupinga utumwa vilianzishwa katika miji ya Ulaya. Atiman, aliyekuwa mtumwa, aliwekwa mwaka huo huo kati ya wale waliotumwa kwenda mahali ambapo biashara ile ilikuwa ikiendelea.

Akapita Zanzibar, kisiwa cha sultani, akapanda bara kwa miguu pamoja na msafara. Ni safari ya miezi. Mwaka wa 1889 alifika Karema, ukingoni mwa ziwa upande wa mashariki, wakati mtutu wa bunduki na mnyororo vilikuwa bado vikitawala njia.

Karema ilikuwa boma lililojengwa mwaka wa 1879 na Cambier, Mbelgiji, kwa kazi ya mfalme Leopold. Mwaka wa 1885 Wabelgiji waliliacha boma hilo mkononi mwa Wapadri Weupe, pamoja na boma la Mpala upande wetu wa ziwa. Pale Mpala na Mrumbi alikaa Kapiteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyelinda watu na kufa katika nchi ile mwaka wa 1927. Hali ilikuwa ya hatari. Lakini kupita bunduki, ugonjwa ndio ulioua wamisionari. Askofu Charbonnier alikufa Karema mwaka wa 1888. Askofu Bridoux, aliyemfuata, alikufa mwaka wa 1890. Maaskofu wawili katika miaka miwili! Basi mfahamu jinsi munganga alivyohitajiwa.

5. MIAKA SITINI NA SABA YA KAZI

Atiman alifika akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi. Akakaa pale pale mpaka kufa, miaka sitini na saba. Tunawaomba wasomaji vijana wahesabu vizuri. Alipofika, Wadachi walikuwa bado hawajatawala sawasawa nchi ile. Aliwaona Wadachi wakija na wakiondoka wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Aliwaona Waingereza wakitawala miaka mingi. Vita vya pili vilipita, maaskofu walifuatana, naye alikuwa bado akifunga vidonda.

Kazi yake ilikuwa ya namna gani? Hakuwa na hospitali kama zile tunazoziona leo. Alikuwa na chumba, sanduku la dawa na miguu yake. Wagonjwa walikuja, na wale wasioweza kuja aliwaendea vijijini. Ndui ilipoingia, alichanja. Homa ilipowaangusha wapadri na wanakijiji, aliwatunza wote. Wawindaji waliojeruhiwa na wanyama, wanawake waliozaa kwa shida, watoto wenye vidonda vya funza, wote walikuwa kazi yake. Miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliingia ukingoni mwa Tanganika na kuua wengi upande wa mashariki na upande wetu pia. Watu walihamishwa kutoka kando ya maji, vijiji vikabaki bila watu. Munganga wa wakati ule hakuwa na dawa yenye kuponya malale kwa hakika. Alipashwa kukaa karibu na mgonjwa akijua kwamba hataweza yote.

Jambo moja lapasa kuangaliwa sana. Atiman alikuwa na hati ya masomo ya Ulaya, naye angeweza kujivuna na kusema kwamba dawa za wenyeji ni upuuzi. Hakufanya hivyo. Alijifunza miti na mizizi ya nchi, akachagua yenye kufaa, akaacha yenye kudanganya. Dawa za Ulaya zilichelewa sana kufika, na pengine hazikufika kabisa. Lakini hata pasipo ukosefu huo, yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyekombolewa kwa sababu wengine walitazama tena kitu kilichozarauliwa. Basi akafanya vilevile kwa maarifa ya wazee wa Karema. Aliyeonwa akajifunza kuona.

Alioa mke wa kabila la Wabende, Agnes Wansahira, binti wa mtemi. Mtumwa wa zamani, mgeni asiye na ukoo, aliingia katika nyumba ya wakubwa wa nchi. Wakapata mtoto mwanaume, Joseph, aliyesoma akawa padri mwaka wa 1923. Upande wetu wa ziwa, Stefano Kaoze alikuwa amepewa upadri mwaka wa 1917, naye ni padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati hizi. Fikirini furaha ya baba yule. Aliyetengwa na wazazi wake akiwa mdogo, alipiga magoti kupokea baraka ya mikono ya mtoto wake mwenyewe.

Pamoja na uganga alifundisha dini. Kwake kazi hizo mbili hazikutengana. Asubuhi alifunga kidonda, jioni alifundisha katekismu, na mara nyingi mtu yule yule alikuwa katika kazi zote mbili. Askofu Lechaptois, aliyeongoza misioni zile tangu mwaka wa 1891 mpaka kufa kwake mwaka wa 1917, alitumika naye miaka mingi. Mapadri walikuja na kuhamishwa. Katekista alibaki, akijua majina ya mababu na ya wajukuu.

6. MBEGU ZILIZOOTA NA ZILE ZISIZOOTA

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kusema: angalieni mtakatifu wetu. Lakini maisha ya Atiman yanatuletea mawazo mengine, tena magumu.

Kwanza, hakuwa peke yake. Vijana wengine waliosoma Malta walitumwa katika misioni za maziwa makubwa. Wengine walidumu, wengine waliacha kazi njiani. Hatuwahukumu. Mtu aliyechukuliwa kutoka nchi moja, akasomeshwa katika nchi ya pili, akatumwa katika nchi ya tatu, anaweza kujikuta hana kwao. Wapadri waliwaona kama Waafrika, na wenyeji waliwaona kama wageni wa kizungu. Kutambua nguvu iliyofichika ndani ya mtu ni mwanzo tu. Kiisha lazima kumpa shule, na nyuma ya shule kumpa pahali pa kukaa, watu wa kumpenda, na kazi yenye heshima. Atiman alipata Karema na Wabende walimpokea. Pasipo hayo, masomo ya Malta yangebaki katika sanduku.

Pili, tuhesabu wale wasiokombolewa. Soko la Metlili halikuuza mtoto mmoja. Misafara iliyotoka Nyangwe, Kasongo na Kabambare haikuwa na watu kumi au ishirini. Kati ya wale walioanguka njiani kabla ya Mtowa, au waliokufa maji katika mitumbwi ya kwenda Ujiji, ni nani aliyekuwa munganga? Ni nani aliyekuwa mwalimu, fundi wa chuma, mama wa kuzalisha, mwimbaji? Hatutajua kamwe. Wandugu, hiyo ndiyo hasara kubwa ya nchi yetu, nayo haiandikwi katika kitabu chochote cha hesabu.

Tatu, wapadri waliomkomboa hawakujua mapema kwamba mtoto huyu ndiye atakayefaa. Hawakusoma kwenye uso wake. Walifungulia watoto wengi mlango, na mmoja akapita mpaka mwisho. Anayetaka kuchagua mbele ya kufundisha, atachagua vibaya. Mkulima mwenye akili hapimi mbegu kwa kuitazama mkononi. Anaitia katika udongo, anaipalilia, anangoja mvua.

7. NENO KWA PAROKIA YETU

Atiman alikufa mwaka wa 1956 akiwa na umri wa miaka karibu tisini, akazikwa Karema. Uzeeni mwake Eklezia na serikali walimpa heshima. Katika mji wa Dar es Salaam nyumba ya Wapadri Weupe ilipewa jina lake. Ni vizuri. Lakini kumheshimu mtu akiwa mzee mwenye sifa ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumheshimu akiwa mtoto mchafu sokoni. Yubile yetu ituulize swali hilo la pili.

Tuseme wazi, maana tuko nyumbani. Hapa Kasongo na huko Kabambare zipo bado familia zinazonong'onezwa kwamba babu yao alinunuliwa. Jambo hilo husemwa wakati wa ugomvi wa shamba, husemwa wakati wa kupanga arusi, husemwa hata na watu wanaokomunika pamoja siku ya Mungu. Wandugu, karibu wote tuna damu ya aliyeuzwa na damu ya aliyeuza. Neno hilo likomee nje ya mlango wa kanisa, tena likomee nje ya mlango wa nyumba. Babu aliyenunuliwa si haya ya ukoo. Haya ni ya mwenye kununua.

Tutazame tena watoto wetu. Wako wale wanaoshuka mashimoni kutafuta zahabu upande wa Salamabila, na mikono yao inapimwa kwa gramu. Wako binti walioondolewa shuleni kwa sababu feza ya mwaka ilitosha mtoto mmoja, na mtoto huyo akachaguliwa kuwa mwanaume. Wako waliokimbia vita na kukaa kwa jamaa, bila hati, bila kiti darasani, nasi tunawaita wakimbizi kana kwamba hilo ndilo jina walilobatizwa. Je, nani kati yao ni Atiman? Hatujui, na kwa sababu hatujui, hatuna ruhusa ya kumpoteza hata mmoja.

Tutazame na wazee. Katika kila jumuiya kuna mama anayejua kuzalisha, kuna mzee anayejua miti, kuna mtu asiyejua kusoma lakini anajua kupatanisha watu kupita mahakama. Tumewaita mara ngapi kutoa shauri? Mezali ya Waswahili husema kwamba mzarau mwiba, mguu huota tende. Sisi twaongeza kwamba mzarau jirani yake hukaa na njaa karibu na gala iliyojaa.

Kwa Baba zetu mapadri, wenyeji na wageni, tunaomba jambo moja kwa heshima. Mnapotembelea vijiji, msituulize tu hesabu ya wabatizwa na ya ndoa. Mtuulize majina ya watoto watatu walioacha shule, na sababu yake. Nasi makatekista tujifunge kuyajua majina hayo, maana padri hupita mara chache katika mwaka, sisi tunakaa. Kazi ya katekista haiishi katika kufundisha sala. Katekista ni jicho la parokia katika kijiji. Lavigerie alikuwa mbali Aljeri. Aliyemwona Atiman kwanza alikuwa padri mdogo wa Metlili, aliyekuwa karibu na soko na aliyetazama vizuri.

Kwa jumuiya zote tunapendekeza kwamba matoleo ya mwaka mmoja wa yubile hii yawekwe kando kidogo kidogo, kusudi kila jumuiya imsomeshe mtoto mmoja asiye na mtu wa kumlipia. Achaguliwe asiye na jamaa katika kamati ya parokia. Kama atakuwa munganga, tumshukuru Mungu. Kama atakuwa fundi wa viti, tutaketi, na tumshukuru Mungu vilevile.

Yozefu mwana wa Yakobo aliuzwa na ndugu zake, naye akawaokoa katika njaa. Jiwe lililokataliwa na waashi likawa jiwe la pembe. Habari hizi tunazisoma kila mwaka kanisani, na mara nyingine tunafikiri ni za zamani na za mbali. Maisha ya Adrien Atiman yanatuonyesha kwamba zilitokea tena, ng'ambo ya ziwa letu, katika siku za baba zetu. Mungu atujalie macho ya kuziona zinapotokea katika vijiji vyetu.

Yubile njema kwa wote.